Mgeni Kutoka Kikosi cha Wasomi

Swalha hakuwa mtu wa kuamini neno "hapana". Si kwamba alikuwa mkaidi, ingawa mkaidi alikuwa, wenyewe wanaomjua watakwambia. Ni kazi ndiyo iliyomfanya hivyo. Miaka kumi na minne ya kununua viatu vya kike kwenye masoko ya jumla ya Liuhua, nyuma ya stesheni ya treni, na kuvisafirisha Unguja, ilimfunza kwamba muuzaji akikwambia meiyou, yaani hakuna, anachotaka ni kubembelezwa. Ukiambiwa rangi hiyo imekwisha, huondoki. Unavuta kigoda unakaa. Unaomba maji ya kunywa. Unamwuliza laoban, tajiri mwenye duka, habari za mtoto wake aliyekuwa na kikohozi. Nusu saa haipiti, rangi iliyokwisha inateremshwa kutoka juu ya rafu na nyote wawili mnacheka. Kwa mtindo huo alipata riziki yake, na kwa riziki hiyo akamsomesha mwanawe.

Na mwana mwenyewe, mashaallah! Ilham alikuwa na miaka ishirini na mbili, yuko mwaka wa nne wa uhandisi wa maji katika chuo kimoja hapo hapo Guangzhou, na alikuwa mkimbiaji wa mita mia nane. Alikimbia mtandio kaufunga barabara na suruali inayofika kwenye vifundo vya miguu. Mwaka wa kwanza wasichana wenzake walimcheka. Mwaka wa pili walinyamaza, maana mtu unayemwona mgongo tu kila mkishindana, utamcheka nini? Na darasani ndiko alikotia fora hasa. Zile hesabu za mito na mabomba na mafuriko, ambazo mama yake akizitazama tu daftarini huona kizunguzungu, yeye alizifanya huku anakula chapati.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja, nalo ndilo lililozaa yote haya. Vyuo vya ukanda ule kila kimoja kina mtu wake wa habari za michezo. Ni yule anayesimama pembeni mwa uwanja na kamera shingoni, anaandika nani kashinda na nani kateguka mguu, halafu anazitia habari zake kwenye mtandao wa chuo na hakuna anayemshukuru. Watu hao wana chama chao. Kila mwaka chama chao kinachagua wanafunzi kumi na wawili tu kutoka vyuo vyote, kinawaita Kikosi cha Wanamichezo Wasomi. Hawatafuti mwenye mbio kuliko wote, huyo ana medali zake. Wala hawatafuti mwenye maksi kuliko wote, huyo naye ana vyeti vyake. Wanamtafuta aliyeyaweza yote mawili bila ya kuliacha moja likaoza.

Kikosi hicho hakichezi na mtu. Ni majina kumi na mawili kwenye kijitabu, na picha, na hadithi ya kila mmoja, na sherehe ya kula na kupiga makofi. Lakini anayetajwa hupewa nafasi ya kusoma shahada ya pili, ada na bweni vimelipwa, na kibali cha kukaa miaka mitatu mingine.

Hapo ndipo roho ya Swalha ilipokuwa imening'inia. Kibali cha Ilham kilikuwa kinakwisha mwezi wa saba. Biashara ya viatu ilikuwa imelala usingizi wa pono, na ada ya shahada ya pili hakuwa na pa kuitoa. Na huko Unguja baba yake Ilham, Bwana Nassor, ambaye walishaachana zamani, alikuwa ameshatamka kwenye simu kwamba mtoto wa kike kasoma vya kutosha, arudi, mchumba yupo na nyumba ipo. Ilham akikosa kikosi, anarudi kwa baba yake kuolewa na mtu asiyemjua. Akikipata, anabaki na mama yake na kusoma anachokipenda. Yeye mwenyewe alikuwa akisema siku zote kwamba anataka kwenda kuzuia maji yasiingie kwenye nyumba za watu kila masika, na kwamba shahada moja haitoshi kupewa kazi hiyo.

Mwezi wa nne orodha ya kwanza ikatoka. Majina kumi na manane, sita watachujwa. Ilham yumo.

"Watakuja nyumbani, mama," Ilham alisema siku hiyo, kasimama mlangoni hata viatu hajavua. "Watu wawili kutoka kwenye chama. Wanaandika habari zetu kwa ajili ya kijitabu, kwa hiyo wanataka kuzungumza na wazee wetu."

"Ahlan wasahlan! Nitawapikia biriani mpaka waulize njia ya kwenda Zanzibar."

"Chakula sawa. Lakini zawadi marufuku, mama. Imeandikwa hapa, sikiliza." Akamsomea kwenye simu, anatafsiri neno kwa neno. Kitu chochote kisichokuwa chakula, akipewa mjumbe wa chama, jina la mwanafunzi linafutwa. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia hivi hivi, au umesikia?"

"We Ilham! Mimi mama yako au shoga yako?"

Wakacheka. Na kweli Swalha alisikia, asisingiziwe. Ila alisikia kwa masikio ya Liuhua. Kule kila duka lina kibao ukutani kinachosema bei hazipunguzwi, na yeye tangu afike China hajawahi kulipa bei ya kibao. Kule pameandikwa usivute sigara, na chini ya maandishi hayo laoban amekaa anavuta. Kwa hiyo kanuni ya zawadi aliipokea kama bei ya kwanza. Hata hakukusudia kuivunja. Aliona tu kwamba ndipo mazungumzo yanapoanzia.

Tena kulikuwa na jambo lililomkera zaidi, na lilimkera siku tatu mfululizo, anafunga mizigo huku anazungumza peke yake. Wale wazazi wa wanafunzi kumi na saba, Wachina wenye nchi yao, wenye magari yao, wanaojua mlango upi unabishwa vipi, wao wamelala? Wao watawatoa wageni na biskuti tu? Aaka! Yeye miaka yote hiyo hajaona mzigo wake ukipakiwa vizuri bila kumkumbuka mwenye bohari, wala hati zake zikitoka mapema bila kumkumbuka karani. Hakuita hongo. Aliita shukrani, na kwao mgeni aliyepanda ngazi zako haondoki mikono mitupu, hiyo ni aibu ya kusimuliwa hadi kwa wajukuu. Mwanawe atakosa maisha yake kwa sababu mama yake alikuwa mchoyo? Haiwezekani.

Basi siku ya nne akateremka barabarani Dengfeng, akapita kwenye vibanda vya simu, akachagua simu nzuri, ndani ya boksi lake, bado imefungwa na nailoni. Akaificha kabatini chini ya mashuka.

Wageni walikuja Jumapili mchana, katika ile wiki ya unyevu ambapo kuta za Guangzhou hutoka jasho na nguo haikauki hata uifanyie nini. Mmoja alikuwa kijana wa kupiga picha. Mwenzake alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, nywele fupi, anaitwa Kuang laoshi, yaani mwalimu Kuang, ingawa hakuwa akifundisha. Ndivyo wanavyoheshimiana. Alipanda ghorofa sita kwa miguu akafika anahema. Swalha, kwa mazoea ya kazi, alimtazama viatu kwanza. Vilikuwa vya kawaida kabisa, visigino vimelika upande. Akamhurumia, akajisemea moyoni: huyu naye anahitaji.

Walikula vizuri, Alhamdulillahi. Yule kijana alirudia sahani mara tatu mpaka jasho likamtoka kwa pilipili. Kuang laoshi aliuliza maswali yake taratibu, Ilham anatafsiri, kwa vile mama yake ana Kichina cha sokoni tu, huku ameona haya, maana maswali yenyewe yalikuwa yanamhusu yeye.

"Anauliza umefanya nini hata nikawa hivi nilivyo."

"Mwambie sikufanya kitu. Nilikuwa nakufungulia mlango saa kumi na moja alfajiri ukakimbie, halafu mimi narudi kulala."

Kuang laoshi alicheka hadi akaiweka kalamu chini. Kisha akaishika tena akayaandika maneno hayo, yote, na akauliza mengine: Ilham akishindwa huwaje, analia au ananuna? Nani alimfunza kuswali kabla ya mashindano? Daftari likajaa kurasa sita. Swalha alikuwa akizihesabu kwa jicho la pembeni na moyo wake ukawa unapanda.

Wakati wa kuaga, akaleta mfuko wa kitambaa. Juu ameweka halua ya Wete na karafuu, amezifunga kwenye kanga mpya, na kanga ni kifungashio tu, nani atasema kanga ni zawadi? Chini kabisa, boksi la simu. Alishajifunza kwamba Mchina ukimpa kitu mbele ya watu hukataa, tena hukataa mara tatu ndipo apokee, na mara nyingine hukataa kweli kwa sababu kuna mtu anatazama. Basi hakutaka kumtia mgeni wake katika aibu hiyo. Atakikuta nyumbani kwake, atafurahi, na hakuna atakayejua.

Kuang laoshi alirudi nyuma, mikono juu, anatikisa kichwa.

Ilham akamgeukia mama yake. "Kuna nini ndani?"

"Halua."

"Halua tu, mama?"

"Halua na karafuu. We, mbona unanihoji kama mtu wa forodhani?"

Ilham akamtazama kidogo. Kisha akamgeukia mgeni, akamhakikishia kwa Kichina kwamba ni chakula kitupu, kanuni inaruhusu, mama yake ataumia asipopokea. Kuang laoshi akaupokea mfuko kwa mikono miwili. Akamshika Swalha kiganja, akasema kitu, na Ilham akashindwa kukitafsiri mara moja.

"Kasema nini?"

"Kasema tutaonana ukumbini siku ya sherehe."

Swalha akapiga kigelegele hapo hapo kwenye ngazi, mpaka jirani wa ghorofa ya tano akafungua mlango.

Alhamisi yake, saa sita mchana, Ilham alirudi nyumbani wakati si wake. Alikuwa amevaa nguo za mazoezi na hazikuwa na jasho. Akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mahali wanapokaa watu wanaoleta mizigo.

"Wamenifuta," akasema.

Swalha alikuwa anakunja maboksi ya viatu. Akaacha.

"Ndani ya mfuko palikuwa na simu," Ilham akasema. "Kuang laoshi ameikuta nyumbani. Wana saa ishirini na nne za kutoa taarifa. Ameitoa siku ile ile."

"Yule mama? Nimlishe biriani yangu, anicheze shere?"

"Hakukucheza shere, mama. Hakuwa na la kufanya."

"Mimi ndiye niliyeiweka," Swalha akasema, na sauti yake mwenyewe akaiona ngeni.

"Najua."

Ndiyo hivyo tu. Najua. Lau angelipiga kelele! Lau angelitupa kitu, angelimwita mama yake jina baya, Swalha angelikuwa na pa kushika, angelilia, angeliomba radhi, wangelipatana. Lakini yule mtoto alikaa pale mikono magotini, anatazama maboksi.

"Nitakwenda kwao," akasema. "Nitawaambia ni mimi. Mtoto wangu hajui kitu, kosa langu, waninyonge mimi."

"Usiende." Ilham alisimama ghafla. "Mama, nakuomba kwa Mungu, usiende. Wameshaniita, nimeshaandika maelezo, wameshayakubali. Imekwisha."

"Umeandika nini?"

"Nimeandika yaliyotokea. Basi, mama."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Na Swalha, mnamjua sasa, aliposikia usiende, alisikia bado pana nafasi.

Asubuhi ya pili alimfuata Maulid. Maulid ni Mpemba, kijana wa miaka thelathini na kitu, alisoma Kichina cha kitabuni na sasa anawatafsiria wafanyabiashara. Alimkuta anakunywa chai kwenye mkahawa, akamweleza yote bila kuficha. Maulid aliweka kikombe chini.

"Bi Swalha, hawa si watu wa Liuhua."

"Watu ni watu."

"Hawa si wa kubembelezwa. Ukifika kule ukasema neno, linaandikwa."

"Ndicho ninachokitaka. Liandikwe. Liandikwe kwamba ni mimi, jina lake lirudi."

Maulid alikuwa na mama yake Chake Chake ambaye naye hashauriki. Akamaliza chai, wakapanda metro.

Ofisi ya chama ilikuwa ghorofa ya tatu, vyumba viwili vyenye harufu ya karatasi, na ukutani picha za vikosi vya miaka iliyopita, vijana kumi na wawili kila picha, wanatabasamu na makoti mapya. Swalha alijizuia asizitazame. Waliowapokea ni Kuang laoshi mwenyewe, macho yamevimba, na mwenyekiti wa chama, Bwana Ou, mzee mwenye kipara na adabu nyingi. Wakakaribishwa viti. Chai ikamiminwa.

Swalha alikuwa ameyapanga maneno yake tangu alfajiri. Lakini kwao huingii kwa mtu ukaanza na shida yako kama unayefukuzwa. Alianza na salamu. Aliwauliza hali zao, na za wazee wao, na za watoto wao. Aliomba radhi kwa kuja bila ahadi. Alishukuru kwa wema waliomfanyia mwanawe. Maulid alitafsiri yote, kipande kwa kipande, na Bwana Ou akawa anaitikia kwa kichwa, na kila akiitikia uso wake ulizidi kujaa huruma. Salamu hizo ndefu ndizo zilizomwokoa, kama kuokoka ndiko huko. Maana kabla hajafika kwenye neno lake, Bwana Ou aliinua mkono taratibu.

"Anasema hakuna haja ya kujisumbua," Maulid akatafsiri. "Anasema wanajua umekuja kuomba radhi kwa niaba ya mtoto. Anasema mzazi mwenye heshima hufanya hivyo. Anasema... subiri." Bwana Ou alikuwa amefungua faili, ametoa karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, akamsukumia Maulid. "Haya ndiyo maelezo ya Ilham. Anasema kwa vile umeshajua, una haki ya kuyasikia."

"Soma."

Maulid alisoma kwanza kwa macho.

"Soma, Maulid!"

"Kaandika hivi. Mimi Ilham Nassor, niliinunua simu hiyo mwenyewe. Niliiweka chini ya halua wakati mama yangu yuko jikoni. Kisha nikamwambia Kuang laoshi kwamba ni chakula kitupu, na huo ulikuwa uwongo wangu. Mama yangu alitoa halua kwa moyo safi. Hakujua kitu, na mpaka leo hajui. Naomba asiambiwe, kwa sababu ana ugonjwa wa shinikizo la damu na hana mtu mwengine hapa isipokuwa mimi."

Swalha alifungua mdomo. Maulid akamwekea mkono kwenye mkono, jambo ambalo hajapata kulifanya, maana ni mtu wa adabu.

"Ngoja. Bado wanazungumza."

Bwana Ou alizungumza kwa upole, anakatisha ili Maulid apate nafasi. Alisema kwa kweli mwanzo walidhani ni mzazi. Na ingelikuwa ni mzazi, mgeni mwenye kibali cha biashara, kumpa kitu mjumbe aliye kazini, wasingelikuwa na hiari. Wangelipeleka faili polisi, na mgeni wa namna hiyo kibali chake hufutwa na hurudishwa kwao. Lakini mwanafunzi ni jambo la ndani. Wamelimaliza humu humu. Jina limefutwa. Barua ya onyo imetiwa kwenye faili lake la chuo, na chuo chochote, cha nchi yoyote, kikiomba taarifa zake kitapelekewa na barua hiyo. Hilo hawana uwezo nalo. Lakini mtihani wa mwisho ataufanya, na shahada yake atapewa.

"Anasema wamemhurumia kwa sababu alisema kweli," Maulid akatafsiri, sauti imeshuka. "Angelidanganya kwenye maelezo ya maandishi, chuo kingelimfukuza. Miaka minne yote ingelikwenda na maji, hata cheti asingelipata."

Kisha Maulid akageuka, akasema kwa Kiswahili, uso wake bado unatabasamu kwa ajili ya wenyeji: "Bi Swalha. Mimi nitatafsiri utakachokisema. Sitakipunguza, sitakiongeza. Kwa hiyo fikiri kwanza."

Swalha alifikiri. Maishani mwake hajapata kufikiri kwa kasi namna ile, hata siku ambayo shehena yake nzima ilikwama bandarini. Akisema ni yeye, Ilham amedanganya, Ilham hana shahada, na yeye mwenyewe anapandishwa ndege uwanja wa Baiyun, na duka na mizigo vinabaki. Akinyamaza, mwanawe ni mhongaji na mwongo, imeandikwa, itamfuata kila atakapobisha hodi. Akageuza huku, akageuza kule. Alizoea kwamba baina ya bei mbili daima ipo ya tatu. Aliitafuta ile ya tatu mpaka kijasho kikamtoka mgongoni.

"Waulize," akasema, "adhabu hiyo haiwezi kupunguzwa? Hata kidogo? Barua ikae mwaka mmoja kisha itolewe?"

Maulid aliuliza. Bwana Ou alisikitika kwa dhati, ilionekana.

"Mei banfa," akasema. Hakuna njia.

Swalha alikaa. Aliomba maji, akaletewa kwenye bilauri ya karatasi, akanywa yote. Akauliza habari za mtoto wa Bwana Ou, akaambiwa hajambo, anasoma. Akangoja. Nje mvua ilikuwa imeanza. Kila mtu alikuwa mpole, na hakuna aliyesema neno jingine, na yeye akaelewa kwamba kwa mara ya kwanza tangu aje nchi hii ameambiwa hapana iliyo hapana.

Ndipo Kuang laoshi alipovuta kiti chake karibu. Alimshika kiganja, vile vile kama siku ile kwenye ngazi, na alipozungumza alikuwa anamtazama yeye, hamtazami Maulid.

"Anasema usimchukie mwanao," Maulid akatafsiri. "Anasema kwenye orodha yake Ilham alikuwa wa kwanza. Wa kwanza, tangu kabla hajapanda ngazi zenu. Walikuja kwa ajili ya picha na hadithi tu. Anasema hakuna siku aliyolia kazini isipokuwa siku aliyoitoa ile taarifa." Maulid akaendelea. "Anasema haelewi kwa nini mtoto kama yule hakuamini kwamba anastahili. Anasema halua waliila hapa ofisini wote, ilikuwa nzuri sana, na halua peke yake ingelitosha."

Swalha alikuwa anatazama mikono yao, wa kwake na wa yule mama. Alitaka kuutoa wake, hakuweza. Alitaka kupiga yowe ambalo lingelisikika mpaka ng'ambo ya mto.

Bwana Ou naye akaongeza kitu, kwa heshima, huku anatoa karatasi nyingine kwenye faili, fomu fupi yenye mstari chini.

"Anasema limebaki jambo moja la utaratibu," Maulid akasema. Hakuwa tena anatabasamu. "Mwanafunzi akipewa onyo, mzazi akiwepo, wanamwomba aahidi kwamba atazungumza naye. Amfunze uaminifu. Ili lisitokee tena."

Wote walikuwa wanamngoja. Kuang laoshi alimbinya kiganja, kumpa moyo.

"Mwambie..." Swalha akasema, kisha akaanza upya. "Mwambie nitamsema. Mwambie nimeona haya kwa alilolifanya mwanangu, na nitamsema."

Maulid alitafsiri yote, hakupunguza wala hakuongeza. Bwana Ou akaitikia kwa kichwa, akaandika, akaigeuza fomu na kumpa kalamu, na Swalha akatia saini mahali pa mzazi.